Chuku na Dhamira katika Filamu ya Shaolin Soccer

Katika Shaolin Soccer (2001), filamu ya Stephen Chow wa Hong Kong, chuku ndiyo mhimili wa fani. Sing, mwokota taka aliyefunzwa kung-fu, anagunduliwa na Fung, mwanasoka wa zamani aliyelemazwa mguu, kuwa na teke lisilo kifani. Chuku hiyo inafaulu inapokita mizizi katika kazi: Mui anakanda unga wa mikate ya mvuke kwa mbinu za tai-chi, na kwa mbinu zizo hizo anautuliza mpira wa fainali. Hata hivyo, wachezaji wanapotolewa kwa majeraha, dhamira ya umoja wa wanyonge inadhoofika. Ushindi unaachiwa wawili wenye vipawa. Mnyonge wa kawaida anabaki mtazamaji.