Mzee, Kizee, Asiyejiweza: Uhakiki wa Msamiati wa Kuwatunza Wazee

1. Suala lenyewe

Huduma yoyote inayoandaliwa kwa ajili ya watu huja na maneno yake, na mara nyingi maneno hayo hubisha hodi kabla ya huduma yenyewe kufika. Ndivyo ilivyo kwa huduma za wazee. Katika fomu za hospitali, katika hati za pensheni, katika matangazo ya mashirika ya hisani na katika sheria, mzee hukutana kwanza na jina alilopewa, ndipo akutane na mtu wa kumsaidia. Jina hilo laweza kumfungulia mlango, na laweza kumfungia.

Kwa msomaji wa Kiswahili nchini Kongo suala hili lina uzito wa pekee. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 imeandikwa kwa Kifaransa, na kifungu chake cha 49 kinampa *personne du troisième âge*, pamoja na mtu mwenye ulemavu, haki ya kupata hatua maalumu za ulinzi zinazolingana na mahitaji yake ya kimwili, ya kiakili na ya kimaadili. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 1, inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Basi kila anayetaka kuieleza haki hiyo kwa Kiswahili hana budi kuchagua neno. Uhakiki huu unayapima maneno yaliyo mikononi mwake kwa kipimo kimoja: je, neno linamwacha mzee akiwa mtu mwenye lake la kusema, au linamgeuza kuwa kitu cha kutendewa?

2. Majina ya mtu

Jina la kwanza ni *mzee*, nalo ni jina la heshima kabla ya kuwa jina la umri. Laurent-Désiré Kabila, aliyezaliwa mwaka 1939, alikuwa hajafikisha miaka 60 alipotwaa madaraka Mei 1997, na tayari watu walimwita Mzee. Mkuu wa kazi mwenye miaka 40 huitwa mzee na watu waliomzidi umri. Kwa upande mwingine, mwanamke maskini mwenye miaka 75 asiye na mtoto wala shamba huweza kupita mtaani bila mtu yeyote kumpa jina hilo. Yeye huitwa *kizee*. Kwa hiyo sheria inapotaka kuhesabu miaka, neno *mzee* peke yake halitoshi, kwa kuwa katika matumizi ya kila siku neno hilo hugawiwa kwa cheo.

Tofauti kati ya *mzee* na *kizee* yastahili kuangaliwa kwa makini. Kiambishi *ki-* kinamtoa mtu katika ngeli ya watu na kumweka, kwa umbo, pamoja na *kipofu*, *kiziwi*, *kilema* na *kikongwe*. Ni kweli kwamba upatanisho wa kisarufi humrudishia utu wake, kwani husemwa *kizee huyu amekuja*, wala si *kizee hiki kimekuja*. Lakini jina lenyewe limekwisha kumhesabu miongoni mwa waliopungukiwa. Maneno mawili yaliyotoka Kiarabu yanaonyesha njia hizo mbili kwa uwazi zaidi. *Shaibu* asili yake ni mtu mwenye mvi: jina linataja kinachoonekana. *Ajuza*, ambalo ni la mwanamke, linatoka katika mzizi wenye maana ya kushindwa na kukosa uwezo, mzizi uleule uliozaa neno *ajizi*, ambalo methali inaliita nyumba ya njaa. Mwanamume aliyezeeka amepewa jina la rangi ya nywele zake. Mwanamke aliyezeeka amepewa jina la udhaifu. Mwenye kuandika kuhusu huduma za wazee hawezi kuyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni jozi iliyo sawa.

Nchini Tanzania, ambako Kiswahili ni lugha ya utawala, maandishi ya serikali na ya magazeti yamezoesha msemo *wazee wasiojiweza*. Nia yake ni njema: kumtambulisha mwenye haja ya kweli. Lakini hali ya kutojiweza ina sehemu nyingi. Yuko asiyeweza kutembea ila anaweza kuamua mambo ya nyumba yake. Yuko anayetembea vizuri ila hakumbuki njia. *Asiyejiweza* huwafunika wote kwa shuka moja, na kwa kuwa neno linamhusu mtu mzima mzima, mtu huyo huonekana hawezi hata kuulizwa maoni yake. Kilicho sahihi zaidi ni kutaja tendo: mzee anayehitaji kusaidiwa kuoga, mzee anayehitaji kusindikizwa. Maneno ni mengi kidogo, lakini mhudumu atajua la kufanya na mzee atabaki na uwezo wake uliosalia.

Yapo pia majina ya ukoo, na hapo mwandishi asiyeangalia hujikwaa. Matini ya afya iliyoandikwa Dar es Salaam ikawataja *babu na bibi* haitasomwa Lubumbashi kama ilivyokusudiwa, kwa maana huko *bibi* ni mke. Nyanya au babu wa Lubumbashi ni *nkambo*. Muuguzi anayetumia karatasi kama hiyo bila kuirekebisha atakuwa anazungumza na mgonjwa wake juu ya mtu mwingine.

3. Umri wa tatu ni upi?

*Troisième âge* ni msemo wa Kifaransa wenye historia yake. Ulipata nguvu hasa tangu mwaka 1973, Pierre Vellas alipoanzisha mjini Toulouse chuo kikuu cha watu wa umri huo. Nyuma yake mna hesabu fulani ya maisha: kwanza masomo, pili kazi ya mshahara, tatu mapumziko yanayolipiwa. Ulikuwa msemo wa sifa, uliokusudiwa kuonyesha kwamba anayeacha kazi bado ana miaka ya kujifunza na kufanya mambo.

Ukitafsiriwa neno kwa neno, *umri wa tatu*, hesabu hiyo inavunjika. Mkulima wa Kongo na mama wa sokoni hawana siku ya kuacha kazi. Huacha pale mwili unapokataa. Zaidi ya hayo, Kiswahili kina hesabu yake: utoto, ujana, utu uzima, uzee. Anayehesabu kwa utaratibu huo atakuta kwamba umri wa tatu ni utu uzima, na uzee ni wa nne. Tafsiri iliyodhaniwa kuwa ya kitaalamu inampa haki mtu asiyehusika na kumwacha nje aliyekusudiwa.

Hata hivyo hesabu hiyo ya Kiswahili yenyewe ina jambo la kufundisha. Kwa adabu, mtu aliyezeeka huitwa *mtu mzima*, na *mzima* ni kamili, tena ni mwenye uhai na afya. Methali husema: utu uzima dawa. Katika msemo huo miaka haimpunguzi mtu, inamkamilisha. Kwa sheria, basi, *mtu mzee mwenye miaka 60 na zaidi* husema wazi kinachotakiwa. Kwa mazungumzo ya kumhudumia, *mtu mzima* ni hazina ambayo haina haja ya kukopwa popote.

4. Vitenzi vya utunzaji

Kitenzi kinachokuja haraka ulimini ni *kulea*. Lakini kulea ni kazi inayofanyiwa mtoto ili akue. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mzee hakui tena, wala hangoji kufunzwa adabu. Anayesema kwamba *analea* mama yake anaweza kuwa anarudisha fadhila, na hapo neno lina uzuri wake, kwa kuwa linakumbusha nani alimlea nani. Taasisi inaposema kwamba *inalea wazee*, kumbukumbu hiyo haipo, na kinachobaki ni mzee aliyerudishwa utotoni. *Kutunza* lina upana zaidi, ingawa hata vyombo na bustani hutunzwa. *Kuuguza* lafaa kwa mgonjwa tu, na uzee si ugonjwa. *Kuchunga*, ambalo katika Kiswahili cha pwani humwendea zaidi mchungaji na mifugo yake, mjini Lubumbashi lina maana pana ya kulinda na kuangalia. Huko halina tusi, lakini likivuka mpaka huenda likasikika vibaya.

Ama kuhusu *prise en charge*, msemo unaojaa katika ripoti za Kifaransa, mwenye kuufuata kwa karibu mno atafikia kwenye *mzigo*, na mzee atakuwa amebebwa hata kabla hajachoka.

Yafaa kutazama namna familia zenyewe zinavyosema. Mara nyingi hazitumii kitenzi chochote cha utunzaji. Husemwa tu: *anakaa na mama yake*. Katika sentensi hiyo haijulikani nani amemkaribisha nani, na kutojulikana huko ndiko heshima. Mama anaogeshwa, analishwa, anafuliwa, lakini kwa maneno wawili hao wanakaa pamoja. Lugha ya taasisi haiwezi kuuiga usiri huu, kwa sababu lazima itaje kazi ili ilipiwe. Lakini inaweza kuchagua *kuhudumia*, kitenzi kinachomweka mtoaji chini ya anayepewa, badala ya vile vinavyomweka juu.

5. Nyumba na kwao

Kifaransa cha Kongo kimerithi kutoka Ubelgiji msemo *home des vieillards*. Neno la kwanza la msemo huo lilisafiri kutoka Uingereza, ambako lina maana ya kwao mtu, mahali pa familia yake. Lilipofika Kongo kupitia Ubelgiji, maana ya kwao ilikuwa imekwisha kumwagika njiani. Lililobaki ni jengo la wasio na mtu. Kwa Kiswahili watu husema *nyumba ya wazee*, *makao ya wazee* au *makazi ya wazee*. Yote matatu ni sahihi, lakini hakuna linalodai kuwa *kwao*, na huo ni uaminifu wa lugha. Msomaji asidhani ni upungufu. Mzee aliyepelekwa huko anajua kwamba kwao ni pengine. Neno linalokiri hivyo ni afadhali kuliko jina la kupendeza linalomtaka ajifanye kuwa amefika.

6. Kustaafu na hiari

*Kustaafu* limetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuomba kuachiliwa. Ndani yake anayeacha kazi ndiye anayetenda: anaomba, anaachiliwa. Katika Katanga neno hilo ni la vitabuni. Watu husema kwa neno la Kifaransa kwamba fulani ameingia katika *pension*, kwa kuwa kinachowahusu ni fedha, si ombi.

Katika miji ya migodi historia imelitia neno jingine jaribuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwaka 1967, kisha Gécamines iliyoirithi, zilimzoesha mfanyakazi kupata nyumba, hospitali na shule mikononi mwa kampuni. Mwaka 2003, wakati Gécamines ilipokuwa imeanguka, wafanyakazi 10,655 wenye utumishi mrefu waliondolewa kwa malipo ya mara moja, katika mpango ulioitwa *départs volontaires*, yaani kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa wakiukaribia uzee, na mishahara yao ilikuwa haijalipwa kwa muda mrefu. Kwa Kiswahili *hiari* ni jambo lililo zito: hiari yashinda utumwa. Kumwambia mtu mwenye njaa kwamba ameondoka kwa hiari yake ni kumnyima hata jina la kilichompata, na asiye na jina la kilichompata hupata taabu kukidai. Hapa msamiati wa huduma unaonekana ulivyo: hati ikisema *hiari*, dai la mzee limedhoofika kabla hajafungua kinywa.

7. Ugonjwa usio na jina

Pengo kubwa kuliko yote liko katika maradhi ya ubongo yanayowapata baadhi ya wazee. Wataalamu wa afya wameanza kuandika *dimenshia*. Wengine husema *ugonjwa wa kusahau*. Jina la kwanza halieleweki kwa wengi, na la pili ni dogo kuliko jambo lenyewe, kwa kuwa kila mtu husahau. Mgonjwa huyo hupotea njia ya kwake, hutoka usiku, huongea peke yake, humshuku mwanawe kwamba amemwibia.

Jamii isiyo na jina la ugonjwa ina jina jingine tayari, nalo ni *mchawi*. Katika Usukuma, Tanzania, imejulikana kwa miaka mingi kwamba wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wekundu ambao moshi wa kuni za kupikia unatosha kuuleta. Katiba ya Kongo, katika kifungu cha 41, inakataza wazi kumsingizia mtoto uchawi; kifungu cha 49, kinachomhusu mzee, hakitaji neno hilo. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016, ndiyo iliyolitaja. Msemo kama *ugonjwa wa ubongo wa uzeeni* hauna urembo wowote, lakini unasema mambo matatu yanayohitajika: kwamba ni ugonjwa, uko wapi, na humpata nani hasa. Muuguzi wa kijijini anayeusema mbele ya familia ameweka kitu kati ya mgonjwa na kundi lililoshika mawe.

8. Hitimisho

Haifai kuhitimisha kwamba maneno ya heshima yatoshe na ya upungufu yafutwe. *Mzee* huheshimu, na palepale huficha njaa. *Asiyejiweza* hudhalilisha, na palepale hutaja haja. Kinachotakiwa ni kutenganisha kazi mbili: kumtaja mtu kwa utu wake, na kuitaja haja yake kwa tendo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafuata mpango unaokaribia huo katika kifungu cha 57: inaanza na haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na msaada wa familia na wa serikali unakuja mwisho. Wanaoandaa msamiati wa huduma za wazee kwa Kiswahili cha Kongo wangefanya vema kufuata utaratibu huo, na kabla ya kuyachapa maneno yao wawasomee wazee wenyewe. Palipo na wazee haliharibiki neno. Lakini ni lazima kwanza waulizwe.