Sifa ya Uchukuzi Mwema

Baina ya stadi zote zilizobuniwa ili mashine zimtumikie mwanadamu, sijui iliyonyimwa sifa kuliko ya mwandishi wa viendeshi, yaani zile programu zisimamazo kati ya kifaa na mfumo wa kompyuta. Kwani kazi yake ikiwa njema hakuna aitambuaye, na ikiwa mbaya watu hulalamika pasipo kujua wamlaumu nani. Kazi hiyo aghalabu ni uchukuzi: data hutoka katika kamera, katika kadi ya mtandao au katika kipimajoto cha mtambo, na sharti imfikie mwenye haja nayo ikiwa kamili, kwa wakati wake, na pasipo taabu ya bure.

Thamani ya uchukuzi mwema haihitaji kuhubiriwa Kipushi, mji ulio kiasi cha kilomita 30 kutoka Lubumbashi, ukipakana na Zambia, ambao riziki yake imetoka katika mgodi uliofunguliwa mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, ukarudi kutoa zinki mwaka 2024. Mgodi huo una nasaba na kompyuta, kwa kuwa mwaka 1948 J. F. Vaes alilieleza jiwe la humo liitwalo renierite, lenye gerimani, madini ya jinsi ileile iliyotumiwa kuunda transista ya kwanza mwezi Desemba 1947. Lakini mfano wake ulio bora ni shimo la P5, lililoshuka mita 1,240: mawe hupondwa kulekule chini, kwenye kina cha mita 1,150, ndipo yapakiwe na kupandishwa, maana urefu wa safari haupungui kwa kuwa chombo kimebeba kokoto mbili, na apandishaye kokoto mbili mbili atamaliza mchana kwa mzigo wa kiganja.

Hesabu hiyohiyo ya safari na mzigo imo katika mfumo wa Linux, ulioanza mwaka 1991. Humo kumbukumbu imegawanywa: upande mmoja ni wa kiini, chenye mamlaka juu ya vifaa vyote, na upande wa pili ni wa programu za watumiaji, zisizoruhusiwa kugusa mali ya kiini, na kila programu iombapo huduma, prosesa hulazimika kubadili hali, kuhifadhi ilipofika, kutenda iliyoombwa, kisha kurejea. Aombaye baiti moja moja hulipa gharama hiyo kwa kila baiti. Aombaye ukurasa mzima, ambao katika mashine nyingi ni baiti 4,096, huilipa mara moja.

Mwenye pupa atauliza kwa nini kiini, kilicho na uwezo wote, kisisome tu anwani kiliyopewa na programu. Jawabu ni kwamba anwani yaweza kuwa ya uongo, ikielekea siri za kiini chenyewe, au ukurasa wake waweza kuwa umehamishiwa diskini. Kwa hiyo fundi hupitia copy_from_user na copy_to_user, kazi mbili zenye adabu ya ajabu, kwani hazitaji baiti zilizofika, bali zilizosalia bila kufika, hata sifuri ikawa ndiyo habari njema. Na kwa kuwa kunakili kwaweza kungoja ukurasa urejeshwe, asithubutu kunakili ilhali ameshika kufuli ambalo wengine wanalingoja kwa kuzunguka papo hapo bila kulala. Aidha, ombi alinakili mara moja, kisha aikague nakala yake, kwani akikagua cha mtumiaji na kukisoma tena, chaweza kubadilishwa katikati. Na apelekapo majibu, afute kwanza nafasi tupu zilizomo, zisije zikachukua mabaki ya siri za wengine. Huo ndio uaminifu wa amana, na hakuna kasi ihalalishayo kuuacha.

Uaminifu huo ukiisha kuthibiti, ndipo werevu upate uwanja. Kifaa chaweza kuachiwa kiandike chenyewe katika kumbukumbu bila prosesa kubeba baiti hata moja. Na kwa wito uitwao mmap, kurasa zilezile zaweza kuonekana pande zote mbili, hata isiwepo haja ya nakala. Juu ya msingi huo Jens Axboe alijenga io_uring, iliyoingia katika Linux toleo la 5.1 mwaka 2019: duara mbili za kumbukumbu ya shirika, moja ya maombi na moja ya majibu, ambamo programu hupanga maombi mengi, kiini kikayatimiza, na mlango ukabishwa mara chache.

Hata hivyo ni ghururi kudhani kuwa kunakili ni aibu siku zote. Kuonyesha ukurasa pande mbili kuna gharama yake: majedwali ya kurasa hubadilishwa, na ukiondolewa, prosesa nyingine hulazimika kusahau anwani zilizokuwa zimezihifadhi; kwa hiyo, kwa ujumbe wa baiti chache, nakala ni nafuu na ni salama. Kumbukumbu ya shirika nayo huwataka washirika wakubaliane nani aandike na nani asome, na kwa mpango gani, la sivyo msomaji atakuta habari nusu. Kwa hiyo fundi hupima kwanza, akajua mzigo ni mkubwa kiasi gani na waja mara ngapi, ndipo achague njia. Na astahiliye sifa si yule aliyeondoa kila nakala, bali yule awezaye kuionyesha kila nakala aliyoiacha na kueleza imekaa hapo kwa faida ya nani.