Tusi Mahali pa Kisu

Wazazi wanarudi nyumbani. Katika Scream, filamu ya Wes Craven ya mwaka 1996, hapo ndipo mtazamaji anapoumia zaidi. Casey Becker, anayeigizwa na Drew Barrymore, yuko hatua chache kutoka mlangoni kwao, ameshachomwa kisu, sauti haitoki. Mama na baba wanaingia ndani bila kumwona.

Miaka minne baadaye, Scary Movie ya Keenen Ivory Wayans ililirudia tukio hilo: msichana peke yake nyumbani, simu, bisi jikoni, muuaji mwenye kinyago cheupe, na wazazi wanaorudi kwa gari. Safari hii baba haangalii barabara. Mama ameinamia mapajani mwake, na shughuli inayoendelea huko imemsahaulisha usukani. Anamgonga binti yake mwenyewe.

Ni mzaha mchafu, hakuna ubishi. Lakini uchafu huo umepimwa kwa rula. Umewekwa palepale ambapo filamu ya awali iliweka uchungu wake mkubwa, na unafanya kazi ileile: wazazi wako karibu, na ukaribu wao haumwokoi mtoto. Waandishi walichomoa kisu, wakachomeka tusi kwenye tundu lilelile.

Hofu na kicheko vyote huanza na pumzi iliyobanwa. Aliyeitazama Scream anajua wapi pa kuibana. Pembe ya kamera, ukimya na mlio wa simu vinamkumbusha. Wayans anaachia pumzi hiyo itokee mlango mwingine. Ndiyo maana filamu hii inanakili kwa uaminifu zaidi kuliko inavyosifiwa. Hata jina la msichana, Drew Decker, limeungwa kutoka kwa Drew Barrymore na Casey Becker. Jina lenyewe Scary Movie ndilo lililokuwa la kwanza kwenye hati ya Scream, na filamu zote mbili zilitolewa na kampuni moja, Dimension Films.

Kanuni hiyo ya kuweka tusi mahali pa kisu utaiona tena chooni. Katika Scream 2 ya 1997, kijana anatega sikio kwenye ukuta wa choo cha jumba la sinema, na kisu kinapenya ukuta hadi sikioni. Katika Scary Movie, Ray, anayeigizwa na Shawn Wayans, anatega sikio vivyo hivyo, katika choo kama kile. Kinachopenya ukutani si kisu. Ni kiungo cha mwanamume, na kinapenya hadi sikioni vilevile.

Halafu kuna kitanda. Cindy, anayeigizwa na Anna Faris, anampa mpenzi wake usiku wa kwanza, na mwisho wa tendo anarushwa hadi darini na mfereji wa kimiminika ambacho safu hii inakisitiri. Aliyeona A Nightmare on Elm Street ya 1984, kazi ya huyohuyo Craven, atakumbuka kitanda kinachofoka damu hadi kwenye dari. Chemchemi ni ileile. Kilichobadilishwa ni rangi.

Kwa nini ubadilishaji huu unakubali kirahisi hivyo? Kwa sababu filamu za kutisha zilikuwa zimeshajaa ngono kabla Wayans hajafika. Tangu enzi za Friday the 13th ya 1980, vijana wanaolala pamoja ndio wanaotangulia kuzikwa, na kamera humkodolea macho msichana anayekimbia hata pale inapojifanya kumhurumia. Scary Movie inalitoa jicho hilo hadharani. Drew Decker, amebaki na nguo za ndani, anapita kwenye vinyunyizio vya bustani kwa mwendo wa polepole, akijinyonganyonga kama yuko kwenye tangazo la biashara, ilhali nyuma yake yuko mtu wa kumuua. Kabla ya hapo alikuta mezani bunduki, kisu, bomu la mkono na ndizi. Alichukua ndizi.

Yote haya yangeanguka kama waigizaji wangejua wanachekesha. Faris haonyeshi hata mara moja kwamba ameuelewa mzaha. Uso wake unabaki wa msichana mwema aliyepatwa na balaa. Hiyo ni shule ya zamani. Mel Brooks aliitumia katika Young Frankenstein ya 1974, aliyoipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe na kwa mitambo ya maabara iliyotumika kwenye Frankenstein ya 1931. Humo daktari anashangaa ukubwa wa vyuma vya kubishia hodi kwenye lango la ngome, kwa neno ambalo Kiingereza cha mitaani hulitumia pia kwa maziwa ya mwanamke. Wakati huohuo amembeba msichana mikononi. Msichana anashukuru kwa adabu. Hakuna anayecheka kwenye skrini, na kicheko chote kinaachwa kwa mtazamaji.

Kipimo hikihiki, cha kutafuta kisu nyuma ya tusi, kinaonyesha pia palipooza. Mwalimu wa michezo katika Scary Movie, Miss Mann, anachekwa kwa sababu tu mwili wake una dalili za kiume. Ukitafuta kisu kilichokuwa pale kabla ya tusi, hukioni. Hakuna hofu inayogeuzwa. Kuna mtu anayedhalilishwa, na tukio hilo limezeeka vibaya. Baadhi ya mizaha kuhusu Ray na wanaume wenzake ina kasoro hiyohiyo, tofauti na ule wa chooni.

Scary Movie iligharimu takriban dola milioni 19 na kuingiza zaidi ya milioni 270 duniani. Kufikia Scary Movie 3 ya 2003, akina Wayans walikuwa wameondoka, David Zucker aliyeshiriki kuongoza Airplane! ameshika usukani, na daraja la umri limelegezwa ili watoto wa miaka 13 waingie. Tusi likapungua, watu wakaanza kugongwa vichwa na kuanguka.

Ukitaka kujaribu kipimo hiki mwenyewe, tazama Scream na Scary Movie usiku mmoja, kwa mpangilio huo, watoto wakiwa wamelala. Kila unapocheka, simamisha picha na uulize kisu kilikuwa wapi. Ukikosa jibu, mwandishi alikuwa anatukana tu.