Jukwaa Limejengwa Wapi? Maneno ya Tangazo Moja la Muziki

Kazi iliyonipeleka mkoani Geita haikuhusu muziki hata kidogo. Nilikwenda kukusanya maneno ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama vile duara, mwalo, karasha na rashi, ambayo kamusi zetu ama hazinayo ama zinayaeleza kwa maana nyingine. Lakini mwenye kazi ya istilahi hana likizo. Katika duka moja la vifaa vya simu mjini Katoro nilikuta ukurasa mzima wa jarida umebandikwa ukutani. Lilikuwa tangazo la kundi la waimbaji wa Kisukuma, lenye picha nzuri iliyopigwa jioni mashambani, na herufi kubwa za rangi ya dhahabu. Maneno yake yalikuwa haya:

WAMEACHIA! UZINDUZI WA ALBAMU MPYA, JUMAMOSI HII. SASA IPO KWENYE MAJUKWAA YOTE YA KIDIJITALI. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Mirabaha yote imehifadhiwa.

Kando yangu alisimama mzee mmoja aliyetoka upande wa Nyang'hwale kununua betri. Nilipokwisha kumwamkia, akanyoosha kidole ukutani. "Mwanangu, wewe unayesoma, hilo jukwaa limejengwa wapi? Maana Jumamosi ndiyo kesho kutwa, nami nauli ninayo." Mwenye duka alicheka. Mzee hakucheka.

Nimelifikiria swali lile tangu siku hiyo, na kila nikilirudia naona kwamba mzee alisoma sawasawa na tangazo ndilo lililokosea. Yafaa ikumbukwe kwamba katika Usukuma muziki ni jambo la uwanjani. Vyama vya Bagalu na Bagika hushindana kwa kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja mahali pake, na chama kinachovuta watu wengi zaidi ndicho mshindi. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo akiambiwa uzinduzi, akapewa siku, kisha akatajiwa majukwaa, atauliza tu njia ya kufika. Neno uzinduzi peke yake lisingempoteza, wala neno jukwaa peke yake. Yalimpoteza kwa kuwekwa pamoja.

Tulianze neno jukwaa. Maana yake ya asili ni mbao au udongo ulioinuliwa ili asimamaye aonekane. Kutoka hapo tulipata jukwaa la siasa na jukwaa la majadiliano, nazo ni istiari halali, kwa sababu kuna msemaji na kuna wasikilizaji. Lakini wimbo uliowekwa mtandaoni haukusimama popote mbele ya watu. Umehifadhiwa mahali, nao hungoja mtu aje auchukue. Aliyeandika tangazo alilitazama neno la Kiingereza, akaona lina maana ya kuinuka juu ya ardhi, akatafsiri mbao kwa mbao. Lilinganishe na neno kupakua. Mama hupakua wali na kuli hupakua shehena. Kwa hiyo mwenye simu alipoambiwa apakue wimbo hakuhitaji mwalimu, kwa kuwa tendo analijua: kitu kinatoka kule kinakuja kwangu. Neno hilo limeenea kwa kuwa lilianzia jikoni na bandarini.

Wakati mwingine istilahi bora ni kutokuwa na istilahi. Tangazo lingeweza kusema kwamba nyimbo zinapatikana YouTube na Boomplay, likanyamaza. Majina hayo hayamdanganyi mtu. Asiyeyajua ataelewa mara moja kwamba hayajui, na atauliza.

Neno kuachia limezoeleka mno katika kurasa za burudani, na najua kwamba wengi wataniona mkaidi. Hata hivyo kuachia ni kulegeza kitu ulichokishika au kumwacha mwingine nacho. Machimboni, ambako watu hushuka duarani kwa kamba, sidhani kama kuna neno lisilofaa kuliko hilo kwa kupiga mbiu ya furaha. Kiswahili kilikuwa na neno lake zamani: bendi ilitoa santuri, ikatoa kanda, mwandishi akatoa kitabu. Kutoa ndilo tendo. Kuzindua ni sherehe yake, nayo yaweza kufanyika mwezi mmoja baadaye au isifanyike kabisa. Tukiyachanganya mawili hayo, msomaji hajui kama aende dukani au aende uwanjani.

Watangulizi wetu hawakuwa na shida hiyo. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, na hata baadaye santuri nyingi za bendi zetu zilipokuwa zikichapwa Nairobi, muziki ulikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Mtangazaji alitaja duka, basi. Leo kitu chenyewe hakionekani, na albamu si sahani wala kanda bali ni hesabu tu ya nyimbo zilizofungwa pamoja. Kwa hiyo maneno ya tangazo yamebebeshwa kazi iliyokuwa ikifanywa na rafu ya duka.

Sasa ile mirabaha. Hapana shaka mwandishi alikusudia kusema haki zote zimehifadhiwa. Mrabaha ni malipo ya mwenye haki, si haki yenyewe. Lakini tazama lilikobandikwa tangazo hili! Katika ukanda wa dhahabu kila mtu anajua mrabaha ni nini: ni sehemu ya thamani ya madini inayolipwa Serikalini, ambayo kwa dhahabu ilipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017. Huko mchimbaji hutoa mrabaha; katika muziki, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliyounda COSOTA, msanii ndiye anayepaswa kuupokea. Neno ni moja, fedha zinakwenda pande mbili. Mchimbaji akisoma kwamba mirabaha yote imehifadhiwa, ataelewa kwamba kuna watu wamekwisha kulipa na fedha zimewekwa mahali. Laiti ingekuwa hivyo.

Dosari nyingine nazitaja kwa kupita. Orodha ya wenyeji wa kundi iliandikwa NYANGHWALE, king'ong'o kimeondolewa, nadhani kwa sababu msanifu wa ukurasa alikidhania kuwa doa. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha ng'oa na ngoa atakuwa na la kumwambia. Na mwimbaji mgeni alitajwa kwa kifupisho cha Kiingereza cha herufi mbili, ilhali tunayo maneno mawili yenye tofauti ya maana: wakishirikiana ni wenzi, akimshirikisha ni mwenyeji na mwalikwa. Siku ya kugawana malipo tofauti hiyo si ndogo.

Kwa hiyo ningeliandika hivi: NYIMBO MPYA ZIMETOKA. Kuanzia Jumamosi zisikilize au uzipakue kwa simu, YouTube na Boomplay. Siku ya onyesho itatangazwa. Haki zote zimehifadhiwa.

Nilidhani nimemaliza. Lakini mwenye duka, alipokwisha kucheka, alimweleza mzee kwa ufupi kunishinda: "Baba, hakuna jukwaa. Zipo humo humo kwenye simu, unazichota." Mzee akaelewa papo hapo, na mimi nikaliandika neno kuchota kwenye daftari. Kisha akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa kitochi cha vitufe, kisichoweza kuchota chochote. Akaomba awekewe nyimbo hizo kwenye kadi, akalipa, na katika fedha ile waimbaji hawakupata hata senti moja. Kwa mnunuzi wa namna yake tangazo halikuwa na neno lolote, sahihi wala potofu, na hata langu nililolisahihisha bado halina.