Patisheni Zisizo na Herufi

Mteja anayempelekea fundi kompyuta yake huwa na ombi moja: mafaili yangu yasipotee. Atataja picha za harusi, mahesabu ya duka, tasnifu iliyobakiza sura ya mwisho. Patisheni ya EFI hataitaja. Hajui kama ipo, na hana kosa, kwa maana Windows yenyewe imeamua asiione na haikuipa herufi. Akifungua mashine anaiona C, pengine na D, na kwake diski imeishia hapo. Fundi ninayetaka kumsifu anaanzia pale macho ya mteja yalipokomea.

Tuchukue mashine ya kawaida ya siku hizi, yenye Windows 10 au 11 na diski iliyogawanywa kwa mpango wa GPT. Mbele kabisa kuna patisheni ya EFI, mara nyingi ya MB 100, iliyofomatiwa kwa FAT32. Inafuatwa na patisheni ya akiba ya Microsoft, MB 16 tu, isiyo na mfumo wowote wa mafaili. Kisha inakuja C, na nyuma yake patisheni ya uokoaji yenye megabaiti mia kadhaa. Watengenezaji wengine huongeza ya kwao, yenye mfumo mzima kama ulivyotoka kiwandani. Ukiiweka kando hiyo ya mtengenezaji, zote zilizojificha kwa kawaida hazifiki hata asilimia 1 ya diski ya GB 500.

Lakini fuatilia kinachotokea kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa. Mashine haijui habari za C. Programu iliyomo kwenye mazabodi, UEFI, inakwenda kwenye zile MB 100, inalitafuta faili la bootmgfw.efi na kulikabidhi kazi. Faili hilo linafungua daftari dogo liitwalo BCD, ambamo mmeandikwa Windows iko kwenye diski ipi na patisheni ipi. Wala hazitajwi kwa C au D. Zinatajwa kwa namba ndefu za utambulisho, ambazo diski ya GPT na kila patisheni yake vilipewa siku diski ilipogawanywa. Ni baada ya hapo tu ndipo C inapoguswa. Aliyenakili C peke yake basi amehifadhi kila alichokitaja mteja, na akiirudisha kwenye diski tupu mashine haitawaka. Aliyenakili na EFI, lakini akairudisha kwenye diski iliyopewa namba mpya bila kulirekebisha daftari, huishia kwenye skrini ya buluu yenye maandishi 0xc000000e.

Wapo wanaouliza: kwa nini kujisumbua, ilhali amri ya bcdboot inaijenga upya EFI kwa muda mfupi? Swali ni la haki, na amri hiyo ni nzuri. Lakini inajenga njia ya Windows peke yake. Kama kulikuwa na Linux kando yake, au zana za ukaguzi alizoziweka mtengenezaji humo, hazirudi. Patisheni ya uokoaji nayo haijengwi na bcdboot. Hapa kwetu hilo lina uzito wake, kwani asiye na patisheni ya uokoaji, mashine ikigoma, huenda akalazimika kuipakua Windows upya, zaidi ya GB 5, na wengi wetu intaneti tunainunua kwa bando.

Januari 2024 patisheni hiyo iliyosahaulika ilijitokeza kwa watu wengi kwa mpigo. Microsoft ilitoa sasisho la usalama la Windows 10, KB5034441, la kuziba mwanya katika mazingira ya uokoaji uliowezesha kuikwepa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Kwenye mashine nyingi likagoma na kutoa kosa 0x80070643, kisa patisheni ya uokoaji ilikuwa ndogo mno. Maelekezo rasmi yalimtaka mtumiaji aipunguze C kwa MB 250, aifute patisheni ya uokoaji, kisha aiunde upya kwa amri za mkono. Fikiria mhasibu wa shule akifanya hivyo kwenye mashine yenye kumbukumbu zote za ada. Mwenye nakala kamili ya diski aliweza kujaribu bila moyo kumwenda mbio.

Zana za kazi hii zipo za kulipia na za bure. Mimi naipenda Clonezilla, iliyotoka katika kituo cha taifa cha kompyuta zenye nguvu kubwa huko Taiwan, kwa sababu haifichi inachokifanya. Ikimaliza kunakili inaacha folda, na folda hiyo inasomeka. Ndani utakuta sda-gpt-1st na sda-gpt-2nd, yaani jedwali la patisheni la mwanzoni mwa diski na pacha wake anayekaa mwishoni kabisa. Patisheni ambayo mfumo wake wa mafaili unafahamika hunakiliwa maeneo yaliyotumika tu. Isiyofahamika hunakiliwa sekta kwa sekta. Hali ya mashine pia imeandikwa: kichakataji, kumbukumbu, orodha ya diski.

Kwenye diski za mpango wa zamani, wa MBR, kuna faili moja ambalo kila nikiliona nawashukuru walioliwazia: sda-hidden-data-after-mbr. Zamani patisheni ya kwanza ilianzia sekta ya 63, na kati yake na sekta ya kwanza ya diski palibaki sekta 62 zisizo mali ya patisheni yoyote. Hazina jina wala orodha ya mafaili. Ila GRUB, programu inayowasha Linux, ilikuwa ikiweka humo sehemu ya mwili wake. Ukinakili patisheni zote, kila moja, na kuiacha nafasi hiyo, Linux hiyo haitaamka. Mtu fulani alikaa akafikiria hadi huko, kwenye mwanya ulio kati ya vitu.

Wanakili wa miswada ya hati ya Kiarabu, wa pwani yetu wakiwemo, waliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Neno hilo halikuwa sehemu ya usomaji. Lilikuwepo ili karatasi zikichanganyika, mpangilio uweze kurudi. Naliona jedwali la GPT katika ukoo huohuo wa uangalifu.

Sasa nirudi kwenye zile MB 16. Hata programu ya Windows ya kusimamia diski, inayochora patisheni kwa mistari ya rangi, haizionyeshi. Ni lazima ufungue dirisha la amri, uingie diskpart, uitishe orodha, ndipo zinatokea na neno Reserved. Hazina faili hata moja. Zimetengwa kwa kazi ambazo mashine nyingi hazitazifanya kamwe, na bila hizo mashine itawaka vizuri tu. Pamoja na hayo, fundi huyu anazichukua. Ukiziacha, namba za patisheni za nyuma yake zinasogea, na maelekezo yoyote yaliyotegemea namba hizo yanapotoka. Lakini naamini angezichukua hata kama hilo lisingetokea, kwa sababu anajua kwamba anayenakili hakupewa kazi ya kuchagua. Akishaanza kuacha kitu kwa kuwa yeye haoni faida yake, nakala inakuwa maoni yake juu ya diski, na diski yenyewe haipo tena.

Nakala isiyowahi kurudishwa ni tumaini tu. Kabla ya kuanza, Clonezilla huuliza kama nakala ikikamilika ikaguliwe iwapo inaweza kurudishwa, na wenye haraka hukataa. Fundi huyu anakubali, hata kama giza limeingia, kisha anatafuta diski nyingine. Anajua kwamba diski mbili zilizoandikwa GB 500 zaweza kupishana kidogo, na kwamba iliyopungua hata sekta chache inaweza kuikataa nakala. Ikiwa kubwa zaidi, lile jedwali pacha linaweza kuangukia katikati, hivyo analihamishia mwisho panapostahili. Anaiondoa diski ya zamani kwenye mashine kabisa, isije ikawasha kwa niaba ya mwenzake, anafunga mpya, anabonyeza kitufe.

Windows inawaka. Wengi wangefunga skrubu hapo. Yeye anafungua dirisha la amri na kuandika reagentc /info, kwa sababu uokoaji nao unaweza kuwa umepoteza njia huku C ikitabasamu. Akisoma Enabled, na mahali palipotajwa pakawa ndiyo patisheni ya nne ya diski mpya, anaiwasha upya mashine akiipeleka kwenye uokoaji wenyewe aione menyu yake kwa macho. Kisha anaandika tarehe, modeli na ukubwa wa diski kwenye kipande cha karatasi, anakibandika kwenye diski ya nje yenye nakala, na kumpigia simu mwenye mashine aje aichukue.