Fedha Iliyofukiwa na Santuri ya Vugiri

Kutoka Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai ya Amani, ukivuka bonde la Lwengera unaifikia safu ya Usambara Magharibi, na huko ndiko iliko Vugiri. Kati ya 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt na wenzake wakiwa na kituo chao hapo, walitengeneza filamu 35 za rangi nyeusi na nyeupe, hasa kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Nyingi zilikuwa somo tupu: safura, mmomonyoko wa udongo, kodi. Filamu ya Post Office Savings Bank ndiyo ninayoirudia, maana ndani ya somo lake mna kichekesho kamili.

Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaweka akiba posta. Mwenzake anafukia fedha zake ardhini, na mwizi anamwona. Basi kuanzia hapo mtazamaji anajua asichokijua mwenye mali, na kila dakika anayojiona salama inachekesha na kuuma kwa pamoja. Hakuna neno linalohitajika.

Hilo lina uzito ukijua sauti ilivyotoka. Mkanda wa milimita 16 ulikuwa bubu, maneno yalikuwa kwenye santuri. Fundi analenga alama ya mwanzo wa mkanda kwenye projekta, anaweka sindano mwanzo wa santuri, vyote vinaondoka pamoja. Faida yake kubwa: badili santuri, filamu ileile inasema Kiswahili hapa, Kiganda kule. Lakini mkanda ukichanika ukaungwa bila kujaza pengo kwa kipande cheusi cha urefu uleule, picha inaitangulia sauti mpaka mwisho. Utani wa mdomo hapo umekufa. Wa macho unapona.

Siwaungi mkono Notcutt na mwenzake Latham walipoamini kwamba Mwafrika lazima aonyeshwe mambo polepole. Watu waliokulia hadithi za Sungura wanamtambua laghai kabla hajafungua kinywa.

Miaka ya 1950 Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu: mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam kununua vitu vya harusi, anaangukia mikononi mwa matapeli. Ni fedha na ulaghai vilevile, ila mzigo umeongezeka, kwa kuwa anayepoteza fedha ya harusi ana wakwe wa kuwajibu.