Kilengeo Kilichogoma

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield Namba 4, .303, yenye mhuri wa kiwanda cha Long Branch, Kanada, 1943. Ni jamaa ya zile walizobeba askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kule Burma. Mwenyewe, mstaafu wa Mbagala, anaimiliki kwa leseni, na alikuwa na lalamiko moja tu: kwa mita 100, risasi zote zinapiga sentimita 28 kushoto, tena zimekusanyika utadhani maharage kiganjani.

Hapo kwenye kukusanyika ndipo pa kuanzia. Zingetawanyika, ningeshuku mtutu au ubao. Zikikaa pamoja lakini pembeni, shuku kilengeo.

Kuna kijana alishajaribu kukisogeza. Kingo za kilengeo cha mbele zilipondeka kwa nyundo, chenyewe hakikusogea hata unywele. Mzee akapelekwa kwa fundi mwenye kibali, maana sheria ya silaha ya 2015 haimruhusu kila mwenye nyundo. Fundi yuko Kinondoni, si mbali na kambi ya Lugalo. Alihakikisha chemba ni tupu, kwa jicho na kwa kidole. Kisha akachukua tochi.

Alikuwa anatafuta skrubu. Kiti cha kilengeo cha bunduki hii kina ufa mwembamba, na skrubu ndogo inaubana. Ukigonga kabla ya kuilegeza, unashindana na waliokibana kwa makusudi. Skrubu ilikuwa imezikwa kwenye rangi na kutu ya hewa ya bahari, na kutu huvimba: hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ikageuka kabari. Akadondosha mafuta mepesi, akaiacha siku mbili. Siku ya tatu akagusisha kichwa cha skrubu ile pasi ndogo ya mafundi redio hadi moshi ukatoka, akatia bisibisi. Ikalia "tii!" na kuzunguka.

Nyundo bado. Kwanza hesabu: kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kuna kama sentimita 73. Kosa la sentimita 28 kwa mita 100 linadai milimita 2 tu. Upande upi? Wengi hukosea hapa. Kilengeo cha mbele hulifuata kosa. Risasi zikienda kushoto, nacho kisukumwe kushoto. Jicho likikirudisha kwenye mstari, mdomo wa mtutu unalazimika kugeuka kulia.

Akachora alama kwa ncha ya sindano, akaweka kipande cha shaba ili chuma kisiumie, akagonga kidogo na kupima, akagonga tena. Mara tano kwa milimita 2. Akakaza skrubu.

Uwanjani, risasi tano zilikaa sentimita 3 kulia. Mzee akataka kirudishwe kidogo.

"Shikamoo tena mzee wangu," fundi akamjibu huku akifunga boksi. "Hizo tatu siyo za bunduki."